Karatasi ya Karanga: Taarifa Zako Binafsi Zikivuja Mtwara au Lindi, Fanya Hivi

Novemba, msimu wa korosho umekolea, nilinunua karanga za mia tano pale stendi ya Masasi. Muuzaji alikuwa na rundo la karatasi zilizokwisha kutumika. Anachana, anakunja pembe, anamimina. Karanga zilipoisha nikaikunjua ile karatasi nikitafuta pa kuitupa, macho yakaangukia maandishi. Lilikuwa jedwali: namba, jina la mkulima, namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), simu, benki, akaunti, kilo alizofikisha ghalani. Mstari wa 31 hadi wa 44. Mafuta ya karanga yalikuwa yameloanisha mstari wa 38, mingine yote inasomeka bila hata miwani.

Mkulima wa mstari wa 35 namfahamu, ni mzee wa kijiji jirani na kwetu. Wiki mbili kabla ya siku hiyo alikuwa amepigiwa simu. Kijana mwenye sauti ya heshima: "Shikamoo mzee, napiga kutoka upande wa malipo. Zile kilo zako 412 hela yake imegoma kuingia, akaunti ina hitilafu. Kuna namba imeingia kwenye simu yako, nisomee niirekebishe." Mzee akaisoma. Zikaondoka shilingi 380,000.

Nilipomuuliza ilikuwaje akaamini, alinijibu: "Mwanangu, angetaja kilo za uongo ningemkatia. Alitaja zangu."

Watu wote walimpa pole na kumwambia amepigwa, abadili laini, awe makini siku nyingine. Hakuna aliyeuliza kilo zake zilimfikiaje yule kijana. Mimi ni msaidizi wa kisheria, na mwongozo huu nimeuandikia swali hilo. Kuna makosa mawili hapa, na lile la pili huwa halisemwi. La kwanza ni la tapeli. La pili ni la ofisi iliyopewa taarifa za mzee izitunze, ikaziachia mpaka zikawa pembe ya karanga. Kosa hili la pili lina sheria yake na tume yake. Na ili ulalamike juu yake si lazima uwe umeibiwa hata senti.

Sheria yenyewe ni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022. Ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ikazinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 3 Aprili 2024. Nyuma yake imesimama Ibara ya 16 ya Katiba, inayolinda faragha ya kila mtu.

Hakikisha kwanza kwamba taarifa zimevuja

Matapeli wengi wanapiga namba ovyo. "Ile hela tuma kwenye namba hii" hutumwa kwa maelfu, na hiyo si dalili kwamba mtu ana taarifa zako. Angalia alichokijua kabla hujamwambia wewe. Akitaja jina lako kamili, huenda ni kwa sababu ya laini tu, maana ukijaribu kumtumia mtu hela kwa simu jina lake linajitokeza. Lakini akitaja kilo, namba ya akaunti, darasa la mwanao, jina la dawa uliyoandikiwa hospitali au salio la mkopo wako, hapo kuna daftari au kompyuta mahali imefunguka.

Dalili nyingine ni majirani. Kama watu kumi mnaopeleka korosho chama kimoja cha ushirika mmepigiwa wiki moja kwa maneno yaleyale, msikae kila mtu na pole yake. Kutaneni, andikeni majina. Orodha hiyo itawafaa baadaye kuliko mnavyodhani.

Na usidhani sheria hii ni ya mambo ya intaneti peke yake. Taarifa binafsi ni taarifa inayomtambulisha mtu iliyohifadhiwa kwa namna yoyote. Daftari la nyumba ya wageni unakoandika jina na namba ya kitambulisho limo. Kadi ya kliniki imo. Na ile karatasi ya karanga imo.

Saa ya kwanza: ziba tundu

Sheria haiwezi kukimbia kama tapeli, kwa hiyo anza na simu yako. Badili namba ya siri ya pesa za simu na ya benki. Kama hela imetoka, piga 100, ambayo ndiyo huduma kwa wateja ya mitandao ya simu, sema muamala umefanyika bila ridhaa yako, taja namba ya kumbukumbu ya muamala na uombe hela izuiwe huko ilikokwenda. Dakika zina thamani hapa. Hela ikishatolewa kwa wakala, kuirudisha ni kazi nyingine kabisa. Kama ni akaunti ya benki, piga benki, na kesho yake nenda tawini kwa miguu yako.

Kisha bonyeza *106#. Utaona laini zote zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Ukikuta laini usiyoijua, nenda duka la mtandao husika ikafutwe, maana laini hiyo ikitumika kutapeli, polisi wataanza na jina lako. Ujumbe wa kitapeli utume kwenda 15040. Usifute baada ya kutuma.

Kusanya ushahidi kabla haujapotea

Wengi wetu tunaharibu hapa, tena kwa hasira. Mtu anafuta meseji, anavunja laini, anamtukana tapeli kwa ujumbe mrefu. Simu yako ndiyo shahidi wako wa kwanza. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ujumbe wa simu kupokelewa mahakamani kama ushahidi, ila mahakama itataka kujua ulihifadhiwaje na kama haukuchezewa. Kwa hiyo acha meseji mahali ilipo, piga picha ya skrini, halafu mwombe mtu wa steshenari akuchapie nakala ukiwa umesimama pale pale, naye asibaki na picha hiyo kwenye kompyuta yake. Nimeona mtu akienda kuchapa ushahidi wa kuvuja kwa taarifa zake akaziacha zote kwenye mashine ya umma.

Chukua daftari la shule, andika tarehe, saa, namba iliyopiga, maneno aliyosema. Andika siku hiyo hiyo. Mzee wa mstari wa 35 alikumbuka kila neno siku ya pili. Baada ya mwezi alikuwa hana uhakika hata kama simu iliingia asubuhi au jioni.

Mimi nilirudi kwa yule mama wa karanga. Nikamsalimia, nikamweleza, nikanunua rundo lote kwa shilingi elfu mbili. Karatasi 23. Nikamuuliza kwa upole alikozipata, akasema kijana mmoja humletea kwa kilo, yeye hajui kusoma kilichomo. Sikumlaumu na sitamlaumu. Anatafuta riziki. Karatasi nilizitia kwenye bahasha, nikaandika juu yake tarehe, mahali na jina la aliyeniona nikizipokea, nikaifunga. Nawe ukiokota nyaraka za namna hii usizipige picha ukazirusha kwenye kundi la WhatsApp ili "watu wajue". Ukifanya hivyo umezivujisha mara ya pili, na wewe mwenyewe utakuwa na la kujibu.

Tafuta nani alizishika

Sheria inamwita anayechukua taarifa zako na kuamua zitumikeje *mkusanyaji*. Anayezifanyia kazi kwa niaba yake, kama kampuni iliyotengeneza mfumo au kijana wa steshenari aliyepewa kuchapa orodha, ni *mchakataji*. Wote wana wajibu, na wanatakiwa kuwa wamejisajili kwenye Tume.

Kaa chini uorodheshe: hizi taarifa niliwapa akina nani? Kwa mkulima wa kwetu orodha ni ndefu kuliko anavyofikiri. Chama cha msingi, yaani ushirika wa kijijini, kilichukua jina, simu na akaunti. Ghala lina kilo. Chama kikuu, kilicho juu ya vyama vya msingi, kina malipo. Benki inayo yote. Wakati wa kugawa sulfa, dawa ya mikorosho, uliandikishwa tena, na kitambulisho kikapigwa picha. Sasa chukua alichokijua tapeli ukilinganishe. Kwenye karatasi zetu kulikuwa na kilo na namba ya NIDA kwa pamoja, na nyaraka yenye vyote viwili kwa mpangilio ule haikuwa na asili nyingi. Zilibaki ofisi mbili. Tukaziandikia zote mbili, bila kumtuhumu yeyote wizi. Tuliuliza tu.

Jambo moja la kuweka akilini: taarifa za miamala ya fedha, afya, alama za vidole na za watoto sheria inaziweka kundi la taarifa nyeti. Zikivuja hizo, sema hivyo kwenye barua yako, maana ulinzi wake ni mkali zaidi.

Andika barua

Watu huniambia, "Nilishaenda ofisini, nikaongea na karani." Vizuri, ila kesho karani atahamishiwa Liwale na mazungumzo yenu yataondoka naye. Barua haihami. Kifungu cha 33 cha sheria kinakupa haki ya kujua kama taarifa zako zinachakatwa, ni zipi, kwa kusudi gani na zimekwenda kwa nani. Kifungu cha 27 kinamtaka mkusanyaji aziwekee ulinzi, na usalama ukivunjwa aijulishe Tume bila kuchelewa. Barua inavigusa vyote viwili. Hii ndiyo tuliyoitumia, nimeondoa taarifa za mwenyewe:

*Jina lako, kijiji, kata, wilaya, simu.*
*Tarehe.*
*Kwa Meneja / Mwenyekiti / Mkurugenzi, ……………*

*YAH: KUVUJA KWA TAARIFA ZANGU BINAFSI*

*Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwanachama/mteja wenu mwenye namba ……. Tarehe …… saa …… nilipigiwa simu kutoka namba …… na mtu aliyenitajia …… na ……. Taarifa hizo nilizitoa kwenu kwa ajili ya …… tu, na sikuruhusu apewe mtu mwingine.*

*Kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 naomba mnijibu kwa maandishi: mna taarifa zangu zipi na mnazitumia kwa kazi gani, mmezitoa kwa nani, zilitokaje mikononi mwenu na lini mligundua, kama mmeijulisha Tume, ni tarehe ngapi, na mmechukua hatua gani kuzuia zisiendelee kusambaa.*

*Nimepata hasara ya shilingi …… (viambatisho vimeorodheshwa). Naomba majibu ndani ya siku 14 tangu kupokea barua hii. Naomba pia nyaraka zote zinazohusu jambo hili zisiharibiwe.*

*Wako,*
*(sahihi au dole gumba)*

Siku 14 hizo tumeziweka sisi ili mambo yasilale, si lazima ziwe hizo. Ile sentensi ya mwisho usiiache. Ofisi ikishtuka, jambo la kwanza linaloijia kichwani ni kuchoma makaratasi, na kuharibu au kuficha taarifa kinyume cha sheria ni kosa lingine.

Peleka nakala mbili. Moja wanabaki nayo, nyingine wakugongee mhuri wa kupokea na tarehe. Wakikataa kugonga, tuma kwa rejista ya posta na utunze risiti. Kwa asiyejua kusoma, mwandishi aandike chini kwamba barua imesomwa mbele yake kwa lugha anayoielewa, kisha wote wawili waweke alama zao. Bibi mmoja wa Newala nilimsomea barua yake kwa Kimakonde, akanisahihisha tarehe mbili. Tusingemsomea, tungepeleka barua yenye makosa.

Wakikuita mkayamalize

Siku ya tisa mzee alipigiwa simu, safari hii na mtu wa ofisi kweli. "Mzee, njoo tuzungumze kikwetu." Akaenda. Akakuta soda, laki moja kwenye bahasha, na karatasi ya kusaini.

Sipingi kupatana. Kupatana ni jambo letu na mara nyingi ni bora kuliko miaka ya kesi. Lakini soma karatasi. Ile ya mzee ilisema amepokea fedha hiyo "kama malipo kamili na ya mwisho" na kwamba hatalalamika kokote. Hakuna neno hata moja kuhusu orodha kukusanywa kutoka mtaani. Kwa laki moja angekuwa ameuza dai lake lote, na wenzake kumi na tatu wa ukurasa ule wangebaki na akaunti zao kwenye pembe za karanga.

Ukitaka kupatana, weka mambo haya kwenye maandishi: kiasi na tarehe ya malipo, ofisi ikiri chanzo, ieleze itafanya nini kwa waliobaki, na mkataba usikuzuie kwenda kwenye Tume. Usisaini siku hiyo hiyo. Sema, "Naomba nikaisome nyumbani." Ofisi yenye nia njema itakupa nakala. Mzee aliiacha bahasha mezani, soda akanywa.

Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi

Majibu yasipokuja, au yakija ya kukuzungusha, hatua inayofuata ni Tume. Kifungu cha 39 kinampa haki ya kulalamika yeyote anayeona kanuni za sheria hii zimekiukwa. Malalamiko yanapokelewa kupitia tovuti ya Tume, pdpc.go.tz, kwa hiyo huhitaji nauli ya Dar es Salaam wala Dodoma. Kwa asiye na simu ya kuingia mtandaoni, mtoto wa shule au msaidizi wa kisheria anaweza kukaa naye akamjazia, mradi namba ya simu na barua pepe zinazoandikwa ziwe za kudumu. Majibu yatarudi huko, na nimeona malalamiko yakikwama kwa sababu yalifunguliwa kwa barua pepe ya mwenye kibanda cha intaneti.

Kwenye malalamiko yako eleza mambo kwa mpangilio wa tarehe. Nani alichukua taarifa zako, kwa kazi gani, nini kimevuja, umejuaje, umepata madhara gani, umemwandikia lini na amejibu nini. Ambatisha barua yenye mhuri, picha za meseji, taarifa ya akaunti inayoonyesha hela ilivyotoka. Acha maneno ya uchungu kama "wezi wakubwa hawa". Msomaji wako anatafuta tarehe na nyaraka.

Halafu sema unachotaka. Hili watu hulisahau, wanamaliza kwa "naomba msaada wenu". Unaweza kuomba taarifa zisizo sahihi zirekebishwe, zisizohitajika zifutwe, uchakataji unaokudhuru usitishwe, na fidia kwa madhara uliyopata. Taja vyote unavyotaka, kimoja kimoja, na kiasi.

Uchunguzi unatakiwa kukamilika ndani ya siku 90 tangu malalamiko yapokelewe, na Tume inaweza kuongeza muda usiozidi siku nyingine 90. Ikiona sheria imevunjwa, inaweza kumpa mkusanyaji notisi ya kumtaka arekebishe mambo, na akikaidi kumtoza faini hadi shilingi milioni 100. Faini hiyo haiingii mfukoni mwako, ndiyo maana nasema fidia uiombe kwa jina lake. Usiporidhika na uamuzi, kuna kuomba mapitio kwa Tume yenyewe na kuna rufaa Mahakama Kuu.

Kama mtu wa ndani aliuza au alitoa orodha kwa makusudi, hilo ni jinai chini ya kifungu cha 60. Kwa mtu binafsi faini ni kuanzia shilingi 100,000 hadi milioni 20, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Kwa kampuni au taasisi, faini ni shilingi milioni 1 hadi bilioni 5.

Milango mingine, kulingana na aliyekukosea

Polisi nenda hata kama hela ni ndogo. Fungua taarifa, chukua namba ya RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yako polisi. Benki na kampuni ya simu wataiulizia, na bila hiyo malalamiko yako yanaonekana kama hadithi. Mweleze askari kwamba ni Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015: kuingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa ni kosa, na kujifanya mtu mwingine kwa njia ya kielektroniki ni kosa.

Kama ni benki au kampuni ya fedha, lalamika kwanza kwao kwa maandishi, kisha Benki Kuu (BoT). Sisi wa kusini tuna bahati hapa, BoT ina tawi Mtwara mjini, na mtu wa Lindi anaweza kwenda akarudi siku hiyo hiyo. Kama ni kampuni ya simu, baada ya kampuni yenyewe ni TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Kama ni chama cha ushirika, mpelekee nakala Mrajis Msaidizi wa Vyama vya Ushirika wa mkoa. Nakala hiyo peke yake huwafanya viongozi wa chama watafute majibu haraka, kwa sababu yeye ndiye anayewakagua.

Nakala moja kwa kila ofisi yatosha. Usizunguke na lalamiko jipya kila dirisha.

Mikopo ya simu ni kisa chake

Kwa vijana wa Mtwara mjini, Nachingwea na Kilwa Masoko, kuvuja kunaanza na programu ya mkopo. Umekopa elfu thelathini, programu ikaomba ruhusa ya kusoma majina yote kwenye simu, ukabonyeza kubali. Umechelewa siku mbili, mama mkwe anapokea meseji kwamba wewe ni tapeli, na picha yako imeambatishwa. Nimeshakaa na binti aliyeacha kazi kwa aibu ya meseji za namna hii.

Kudaiwa hakukuondolei haki ya faragha. Deni lako ni lako, na wale waliomo kwenye simu yako hawakukopa. Kwanza angalia kama mkopeshaji ana leseni. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu na majukwaa 69 ya mikopo yaliyokuwa yakifanya kazi bila leseni. Kisha piga picha meseji zote, waombe na waliotumiwa wakutunzie zao, ondoa ruhusa za programu kwenye mipangilio ya simu kabla ya kuifuta, na upeleke lalamiko Tume pamoja na BoT. Mama mkwe naye anaweza kulalamika kwa jina lake, maana namba yake imetumika bila ridhaa yake.

Fidia na mahakama

Mahakama ni njia ndefu na ninaipendekeza pale hasara ni kubwa au walioumizwa ni wengi. Andaa hesabu ya kweli: hela iliyoibiwa, nauli, siku za kazi ulizopoteza, makato ya mkopo uliolazimika kuchukua. Risiti ya basi la Tandahimba ina kazi hapo, usiitupe.

Angalia muda. Chini ya Sheria ya Ukomo, madai yanayotokana na uzembe au madhara yana miaka 3, ya mkataba miaka 6. Uzee au kutojua havisimamishi saa hiyo.

Mkiwa wengi mlioumizwa na orodha moja, hamhitaji kesi sitini. Mahakama inaweza kuwaruhusu wachache wafungue kesi kwa niaba ya wote, kwa ombi maalumu linaloonyesha kwamba wote mna maslahi yaleyale na mmekubali. Lile daftari la majina mliloanza nalo, lenye sahihi na tarehe, ndilo linalobeba ombi hilo.

Kama mnayemdai ni halmashauri au ofisi ya Serikali, kuna kizingiti. Lazima kwanza mtoe notisi ya siku 90, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, naye awe miongoni mwa wadaiwa, na kesi yenyewe ifunguliwe Mahakama Kuu. Mahakama Kuu ipo Mtwara. Kesi nyingi za haki tupu zimetupwa nje kwa kukosa notisi hiyo, nami nimemshuhudia mama akitoka mahakamani na faili lake kubwa mikononi bila shahidi wake hata mmoja kusikilizwa. Chama cha ushirika si Serikali, kwa hiyo hakina kizingiti hicho.

Hapa mtahitaji wakili. Sisi wasaidizi wa kisheria, chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, tunashauri, tunaandika barua na kusuluhisha bila malipo, lakini hatusimami mahakamani. Ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri yako inaweza kukuelekeza kwa msaidizi aliyesajiliwa. Akikuomba hela ya kukuandikia barua, huyo si msaidizi wa kisheria.

Mzee wa mstari wa 35 malalamiko yake tuliyatuma Jumanne, yeye na wenzake wanane, tukitumia simu ya mjukuu wake chini ya mkorosho kwa kuwa mtandao unashika hapo tu. Kalenda imening'inia ukutani kwake, ile inayogawiwa na duka la pembejeo. Siku ya 90 ameizungushia duara kwa kalamu nyekundu.